Vita vya Kagera darasani: shajara ya mradi wa walimu wa historia, Mombasa

Januari, wiki ya kufungua shule

Tumeanza. Tuko walimu wachache wa Historia na Serikali, wa kisiwani, Likoni, Kisauni na Changamwe. Kazi tuliyojipa ni kuandaa upya namna ya kufundisha vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 hadi 1979.

Sababu iko kwenye madaftari ya wanafunzi wetu. Katika mada ya Tanzania tangu uhuru, vita hivi hupewa mstari mmoja: vilidhoofisha uchumi. Katika mada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kuna mstari mwingine: Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda, na Rais Nyerere wa Tanzania akakataa kukaa na Amin meza moja. Mistari hiyo haikutani. Mwanafunzi huikariri yote miwili, huiandika kwenye mtihani, hupata alama zake, na hutoka shuleni akijua tu kwamba Amin alikuwa mbaya na Nyerere alimshinda.

Hayo si uongo. Lakini jeshi la nchi moja kuingia nchi jirani, kufika mpaka mji mkuu na kumwondoa rais, ni jambo kubwa mno kuachiwa mstari mmoja, hasa kwa watoto wanaoishi kwenye bandari ambayo Uganda imeitegemea tangu reli ilipojengwa.

Mwisho wa Januari

Tumegawana kusoma, kisha tumekaa jioni moja nzima Mji wa Kale kutenganisha yenye uhakika na yenye ubishi.

Yenye uhakika ni mengi. Tarehe 25 Januari 1971 Amin alitwaa serikali Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Nyerere alimpa Obote hifadhi. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka wakitokea Tanzania, wakashindwa vibaya, na Oktoba ya mwaka huohuo Rais Siad Barre wa Somalia akazipatanisha Uganda na Tanzania mjini Mogadishu. Mwisho wa Oktoba 1978 askari wa Uganda waliingia Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote hadi mto Kagera sasa ni ya Uganda. Daraja la Kyaka juu ya mto huo lilivunjwa. Raia waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, na mali ya kiwanda cha sukari ikapakiwa kupelekwa kaskazini.

Ubishi unaanzia kwenye sababu. Redio Uganda ilidai Tanzania ndiyo iliyovamia kwanza. Kuna maelezo kwamba kulikuwa na uasi ndani ya jeshi la Amin, na askari waliokuwa wakiandamwa wakavuka mpaka. Kuna pia wanaosema Amin alitaka vita ili kulishika jeshi lililokuwa likimponyoka. Mwenzetu wa Changamwe anataka tuchague maelezo moja, kwa hoja kwamba mtahiniwa wa Kidato cha Nne hawezi kwenda kwenye mtihani wa taifa, KCSE, akining'inia. Mimi nimekataa. Madai ya Redio Uganda hayana ushahidi wa kuyashikilia na tutasema hivyo waziwazi, lakini hayo mengine mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Mwanafunzi akiweza kueleza hilo kwa aya moja, atakuwa amejua historia kuliko aliyekariri jibu.

Jambo jingine tulilokubaliana bila mabishano: 1972 lazima iwemo. Masimulizi mengi huanza na Amin kuvamia Kagera kama mtu aliyeamka siku hiyo akaamua tu. Huwezi kumwelewa Amin wala hofu yake bila kujua kwamba miaka sita kabla, watu wenye silaha walitoka Tanzania kwenda kumwondoa. Kumweleza si kumtetea.

Jumamosi, 14 Februari

Leo tulikuwa na rasimu ya kwanza mezani, na tumeiweka kando. Ilikuwa mdahalo: upande mmoja unaunga mkono hoja kwamba Tanzania ilikuwa na haki ya kwenda hadi Kampala, upande wa pili unapinga. Watoto wa Mombasa wanapenda mdahalo na wanaujua. Hilo ndilo tatizo. Mtoto akishapewa upande, anatafuta ushindi. Atamtetea Amin kwa ufasaha wa kutisha, au atazika vifo vya raia wa Uganda chini ya makofi, kutegemea karatasi gani aliokota kwenye kofia. Vita vilivyoua watu ambao watoto wao bado wako hai havistahili kuchezewa hivyo.

Pendekezo lililoshika lilitoka kwa mwalimu wa Kisauni: tuvigawe vita hivi kwa maamuzi. Kila uamuzi una tarehe, una watu waliokuwa na uwezo wa kuamua vingine, na una mambo waliyoyajua siku ile. Mwanafunzi anasimama kwenye tarehe hiyo na kuamua, na haruhusiwi kutumia jambo lililotokea baadaye. Tumezipa jina la vituo.

Tumepanga vituo vinne. Cha kwanza ni 2 Novemba 1978, siku ambayo Nyerere alilihutubia taifa. Cha pili ni Januari 1979, ardhi ya Tanzania ikiwa imekombolewa na mji wa Mutukula, ndani ya Uganda, umetwaliwa: kusimama hapo, au kuendelea? Cha tatu ni Machi 1979, Gaddafi wa Libya ametuma askari kumsaidia Amin, na Waganda walio uhamishoni wanakutana Moshi kuanzia tarehe 24 kuamua nani atatawala. Cha nne ni Julai 1979, mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) mjini Monrovia, ambapo Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingilia mambo ya nchi nyingine.

Kituo cha pili ndicho moyo wa kazi. Cha kwanza hakina utata mkubwa kwangu: nchi iliyovamiwa ina haki ya kujilinda, na nitalisema hilo darasani bila kulizungusha. Baada ya kuvuka Mutukula, hoja ya kujilinda pekee haitoshi tena.

Ramadhani

Vikao vimehamia baada ya tarawehe. Tumepata faida ambayo hatukuipanga, kwa sababu barazani usiku huo ndipo wazee walipo.

Mzee mmoja aliyefanya kazi ya kuli Kilindini katika miaka ya sabini alitusikiliza tukibishana, akacheka kwa upole. "Nyinyi mwasema vita vilianza sabini na nane. Sisi hapa bandarini tulianza kuviona sabini na sita." Akatukumbusha Februari 1976, Amin alipodai kwamba sehemu kubwa ya Kenya ilikuwa ya Uganda kihistoria, na jinsi watu walivyokasirika. Kisha Julai mwaka huo makomando wa Israeli walivamia uwanja wa Entebbe kuokoa mateka, ndege zao zikajaza mafuta Nairobi, na Wakenya waliokuwa Uganda wakauawa kwa kisasi. Kenya nayo ikabana mafuta yaliyopita hapa kwenda Uganda.

"Kwa hiyo Kenya nayo ilikuwa vitani, mzee?" mwalimu wa Likoni akamuuliza.

"Sikusema hivyo, mwanangu. Nimesema shingo ya Uganda iko hapa, na kila aliyetaka kumkaba Amin alijua."

Madai ya 1976 tutayatumia. Yalikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, kwa kuwa eneo la kutoka Kisumu hadi karibu na Naivasha lilikuwa kweli chini ya Uganda hadi Waingereza walipolihamisha mwaka 1902. Ndiyo maana marais wa Afrika walikubaliana Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka waliyoikuta. Mwanafunzi akiliona hilo kwenye ardhi ya nchi yake, atafahamu kwa nini OAU ilikuwa na woga wa kuigusa mipaka, woga uleule uliowafanya wasimlaani Amin mwaka 1978 na wailaumu Tanzania mwaka 1979.

Mazungumzo mengine barazani yalikuwa mazito zaidi. Wapo wazee hapa ambao hadi leo humtaja Amin kwa huruma: Mwislamu aliyesimama mbele ya wakubwa, aliyeiingiza Uganda katika umoja wa nchi za Kiislamu. Na wapo wenye kumbukumbu ya familia za Kihindi zilizoshuka kwa treni kutoka Kampala mwaka 1972, baada ya Amin kuwaamuru Waasia waondoke ndani ya siku 90, wakiwa wamenyang'anywa njiani hata bangili, kuja kupanda meli hapa. Watoto wa pande zote mbili wanakaa dawati moja katika shule zetu. Kwa hiyo tumeweka ndani ya kituo cha kwanza karatasi juu ya utawala wa Amin: kufukuzwa kwa Waasia, kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum Februari 1977, na makadirio ya waliouawa ambayo huanzia 100,000 hadi 300,000 na zaidi, wakiwemo Waislamu wengi. Hakuna mtoto atakayeombwa aeleze dini yake au asili yake. Lakini hakuna atakayeondoka akidhani kwamba mauaji hayo ni propaganda ya watu wa mbali.

Machi, majaribio ya kwanza

Vipindi viwili mfululizo, Kidato cha Nne, shule ya kisiwani. Dakika 80 kwa vituo viwili vya mwanzo tu.

Tulianza kwa kuwachezea sehemu ya hotuba ya Nyerere, ile aliyosema kwamba uwezo wa kumpiga Amin upo, sababu ipo, na nia ipo. Somo letu hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Hotuba ile ikaingia darasani kwa lugha ya nyumbani, na darasa zima likaamka. Walipiga makofi. Mvulana mmoja wa nyuma alisimama.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo tangu siku ile kuliko jingine lolote. Tanzania inatufikia kwa sauti ya mtu mzima anayetuliza na kutia moyo, kwa Kiswahili ambacho hata mtoto mdogo wa shule hapotezi neno. Uganda ya Amin inatufikia kupitia ripoti za Kiingereza, nyingi zikiwa zimeandikwa kumshangaa. Ile habari ya Amin kutaka kupigana ngumi na Nyerere, Muhammad Ali awe mwamuzi, kila mtu anaijua. Majina ya vijiji vya Uganda vilivyopitiwa na vita hayajulikani. Kabla mwanafunzi hajapima hoja yoyote, sikio lake limeshachagua. Hotuba hatutaiondoa, ni hati kubwa ya historia na ni yetu. Tutakachofanya ni kumwuliza mwanafunzi, mara tu makofi yakiisha: hotuba hii imekuambia nini, na nini hukuelezwa? Na kituo cha pili hakitafunguliwa kwa sauti ya kiongozi yeyote. Kitafunguliwa kwa Mutukula.

Kwa sababu Mutukula ni mahali pagumu. Askari wa Tanzania walioingia hapo walikuwa wametoka kuona yaliyofanywa Kagera, na walilipiza. Mji ulibomolewa na raia waliuawa. Nyerere aliposikia aliagiza raia na mali zao wasiguswe. Hata hivyo Februari, Masaka ilipotwaliwa, majengo mengi yaliangushwa kwa milipuko. Wanafunzi waliposoma haya darasa lilikuwa na kelele, zile kelele nzuri za watu wanaoshindana na wazo. Msichana mmoja aliyekuwa ameandika "tuendelee" alinyosha mkono: "Mwalimu, ikiwa ardhi yetu tumeshaipata, watu wa Mutukula nani amewauliza?" Mwenzake akamjibu kwamba watu wa Kampala nao hawakuulizwa na Amin. Nikawaacha. Hoja hizo mbili ndizo wanahistoria na wanasheria wamekuwa wakibishana nazo, na hawa walizifikia wenyewe.

Mkazo wangu kwa wenzangu baada ya kipindi: usawa wa kuigiza hatuutaki. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilipoanguka, watu walitoka barabarani wakishangilia askari wa Tanzania. Hilo liwemo kwa uzito uleule wa Masaka.

Machi, siku chache baadaye

Mkuu wa idara wa shule moja kati ya zetu hajafurahi. Silabasi ni ndefu, mtihani hauulizi hivi, na mzazi mmoja amepiga simu kuuliza kwa nini mtoto anafundishwa kumhukumu Mwalimu Nyerere. Tumemwalika mzazi aje asome karatasi zetu. Kuhusu muda, tumekubali kupunguza: kituo cha tatu kitakuwa kazi ya nyumbani, ukurasa mmoja.

Likoni, mwisho wa Machi

Majaribio ya pili yalikwenda njia nyingine kabisa. Kituo cha pili hakijafika nusu, mwanafunzi akauliza: Kenya ilipoingia Somalia Oktoba 2011, tulikuwa kituo cha ngapi? Mwalimu wa Likoni aliniambia darasa lilitulia, kwa sababu wapo wenye kaka jeshini na wapo wenye jamaa Kismayu.

Tumebishana juu ya hili kwa ukali. Upande mmoja unasema mlango huo ukifunguliwa Kagera itapotea, kila mtu atazungumzia la leo, na mwalimu atajikuta mahali pabaya. Upande wa pili, ambao mimi nimo, unasema mtoto ameuliza swali ambalo somo zima lilikuwa likimwelekeza aliulize, na kumnyamazisha ni kumfundisha kwamba historia hushughulika na majirani tu. Tumefikia hapa: swali linaandikwa ubaoni, linabaki pale, na linarudiwa baada ya Monrovia kwa masharti yaleyale. Tarehe ipi? Nani aliamua? Walijua nini siku ile? Nani hakuulizwa? Mwalimu asiyejiweza kuliendesha kwa utulivu haruhusiwi kuanza.

Hapo pia likaja swali la mwalimu kusema msimamo wake. Mwenzetu wa Kisauni hasemi kamwe. Mimi nasema, lakini baada ya wao kuandika wa kwao na karatasi kukusanywa. Nimewaambia wanafunzi wangu kwamba kwa maoni yangu Nyerere alikuwa na haki ya kumfukuza Amin, na kwamba Afrika iliyokaa kimya miaka minane haikuwa na uso wa kumlaumu. Nimewaambia pia kwamba mpango wa siku ya pili baada ya ushindi ulikuwa dhaifu, na Waganda ndio walioulipia. Tumekubaliana kila mmoja abaki na njia yake.

Likizo ya Aprili

Kazi ya likizo ni kuandika upya. Badiliko kubwa ni kituo cha tano, ambacho hakikuwemo. Wanafunzi wa shule zote mbili waliuliza jambo moja, kwa maneno tofauti: kisha ikawaje? Tulikuwa tumewafunga macho wasione mbele, halafu tukawaacha hapohapo.

Ikawa hivi. Yusuf Lule aliapishwa kuwa rais wa Uganda 13 Aprili 1979 na akaondolewa Juni 20. Godfrey Binaisa aliyemfuata alidumu hadi Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote, matokeo yakapingwa, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaanzisha vita vya msituni vilivyokwisha Januari 1986. Huko West Nile, alikotoka Amin, askari wa serikali mpya walilipiza kisasi kwa raia, na maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Magharibi mwa Uganda, mwaka 1979, Waislamu waliuawa kwa makosa ya utawala ambao wengi wao hawakuwa na mkono ndani yake. Tanzania iliachiwa gharama ambayo mara nyingi hukadiriwa kuwa dola milioni 500, bila msaada wa maana, na askari wake walibaki Uganda hadi 1981. Mstari ule wa kitabu kuhusu uchumi, kumbe, ulikuwa na watu ndani yake.

Kituo hiki kitakwenda na hati moja ya baadaye: Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika ya mwaka 2000, kifungu cha 4(h), kinachoupa Umoja haki ya kuingilia nchi mwanachama kukiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Wanafunzi watailinganisha na mkataba wa OAU wa 1963 uliokataza kuingiliana, kisha waandike: kama kifungu hiki kingekuwepo Januari 1979, nani angeamua kuhusu Kampala, na je, angeamua kwa wakati?

Sahihisho jingine ni la sauti. Mwalimu wa Changamwe, yuleyule aliyetaka jibu moja, ameanza kuzungumza na madereva wa malori wa Kiganda wanaosubiri mizigo. Wengi ni vijana, lakini wana wazazi, na Kiswahili cha kutosha. Amerekodi, kwa idhini yao, waliyosimuliwa nyumbani kuhusu 1979. Mmoja anasema nyumbani kwao askari wa Tanzania hukumbukwa kwa kugawana chakula chao na watoto. Mwingine anasema babu yake hakuwahi kujenga tena. Rekodi hizo zitasikika kwenye kituo cha pili, kabla ya karatasi yoyote kusomwa. Tumekubaliana kwamba hazitumwi kwenye kundi la WhatsApp wala hazitoki nje ya darasa.

Shule zitakapofunguliwa tunaanza na Kidato cha Nne wa Changamwe, vituo vyote vitano kwa wiki mbili. Kwa Gredi ya 10 tutaandaa toleo fupi la kituo cha kwanza na cha pili. Swali la majaribio ya mtihani tumeshaliandika na wakuu wa idara wamelipitisha, pamoja na yule aliyekuwa na shaka: "Kwa kutumia ushahidi uliopatikana kufikia mwisho wa Januari 1979, jadili kama Tanzania ilipaswa kusimama Mutukula." Alama 15. Mwongozo wa kusahihisha unatoa alama kwa jibu la ndiyo na kwa jibu la hapana, na hautoi hata moja kwa mtahiniwa asiyewataja raia wa pande zote mbili.